Akizeeka Mlinzi wa Nyumba

Mwezi huu tunazungumzia kiumbe ambaye wengi wetu humkumbuka anapobweka tu: mbwa mdogo wa nyumbani aliyezeeka.

Hapa Nanyamba, kama katika vijiji vingi vya uwanda wa Makonde, mbwa hafugwi kwa mapambo. Hulinda nyumba, na hufukuza nguruwe pori na nyani wanaoingia kwenye mihogo. Wengi ni wadogo wa umbo, na mbwa wadogo kwa kawaida huishi kuliko wakubwa. Akitunzwa vema huweza kufika miaka 12 au zaidi. Lakini mara nyingi akishindwa kukimbia, chakula chake hukatwa. Tunasema wazi kwamba hilo si haki. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinahesabu kuwajali wanyama kuwa alama ya mtu mwadilifu.

Utamtambua mbwa mzee kwa macho yenye ukungu, masikio mazito, meno yaliyong'oka na kuinuka kwa shida asubuhi. Wafundisheni watoto wamwite kwanza kabla ya kumgusa, kwa kuwa akishtuka huweza kuuma. Mpeni ugali laini uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa usio na vitunguu wala pilipili, kidogo kidogo mara mbili kwa siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe; hupasuka na kumchoma tumboni. Tunajua maji yanavyopatikana kwa taabu huku kwetu, lakini bakuli lake lisikauke. Alale juu ya gunia kavu mahali pasipofika umande, na kupe watolewe kila siku.

Msimpe kamwe vidonge vya maumivu vya watu, kama panado; huweza kumwua. Mwoneni ofisa mifugo. Uzee haumwondolei pia haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kati ya 2010 na 2015 mkoa wetu wa Mtwara ulikuwa katika mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na ugonjwa huo kwa kuchanja mbwa. Mradi umepita, wajibu wetu umebaki. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Majirani zetu wengi ni Waislamu. Upendo wa Kikristo hutudai tumzuie mbwa wetu asiguse vyombo vyao wala mahali pao pa sala.

Siku ya mwisho itafika. Akiwa katika mateso yasiyo na tiba, ofisa mifugo anaweza kumsaidia afe bila maumivu. Rungu na sumu si njia ya watu wenye huruma. Akifa, msimtupe porini. Mchimbieni shimo refu, mbali na kisima. Kama alikuwa na dalili za kichaa, msimguse kwa mikono mitupu, bali toeni taarifa kwanza.

Watoto waambieni ukweli. Mkisema amepotea, watamtafuta kila jioni. Waacheni walie, na wasaidie kufukia kaburi. Wala tusimcheke bibi anayeishi peke yake akimlilia mbwa wake. Huenda ndiye aliyekuwa sauti pekee ya kumpokea anaporudi kutoka shambani. Aliye na huzuni hiyo tumtembelee, tukae naye, tumpikie chai. Wala tusikimbilie kumletea mtoto wa mbwa siku ya pili. Tungoje hadi aombe mwenyewe.

Bwana wetu alifundisha kwamba hata shomoro hasahauliwi mbele za Mungu. Basi huzuni hii nayo tunaweza kumpelekea katika sala, bila aibu.

Mungu azibariki nyumba zenu na wote wanaolala ndani yake, pamoja na anayelala mlangoni.