Mtoto Mwenye Kisukari Asikaripiwe kwa Namba

Wahudumu wa kliniki za kisukari wanalijua vizuri daftari la vipimo vya sukari la namna hii. Asubuhi 6.2, jioni 7.0, kesho yake 6.5, na hivyo hivyo mwezi mzima. Wino ni mmoja, mwandiko haubadiliki, na kurasa ni safi kana kwamba hazijawahi kuguswa na kidole kilichotoka kuchomwa. Limejazwa jana usiku. Ikiwashwa glukomita yenyewe, kumbukumbu yake inatoa 17, 4, 22, au haina kitu kwa wiki mbili.

Kijana mwenye daftari hilo hakuzaliwa mwongo. Amefundishwa kudanganya, tena na watu wanaompenda. Kila kipimo kilipopanda aliulizwa, "Umekula nini tena?" Baada ya kuulizwa hivyo miaka miwili mitatu, akaanza kuandika namba zinazoleta amani nyumbani.

Swali lenyewe limekosea tangu mwanzo. Kisukari cha aina ya kwanza, kinachowapata zaidi watoto na vijana, hakiletwi na pipi wala soda. Kinga ya mwili huharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na tangu hapo mtoto huishi kwa insulini ya sindano. Hata akila kwa mpangilio, sukari inaweza kupanda kwa sababu ya malaria, au kwa sababu chupa ya insulini ilikaa juani. Wengine hudunga mahali pale pale kila siku kwa kuwa hapaumi sana, hadi uvimbe wa mafuta unajitokeza chini ya ngozi na dawa haifyonzwi sawasawa. Mwalimu mzuri wa kisukari hupapasa kwanza mapaja na tumbo la mtoto, ndipo aulize habari za chakula.

Kisha kuna balehe. Homoni za umri huo hupunguza nguvu ya insulini, na dozi iliyotosha jana leo haitoshi. Utafiti mkubwa wa Marekani, DCCT, uliotangaza matokeo yake mwaka 1993, ulithibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu hulinda macho na figo, kwa vijana pia. Lakini ulionyesha jambo lingine ambalo wazazi wengi hawajaambiwa: vijana wa miaka 13 hadi 17, waliopewa uangalizi ule ule wa karibu, walibaki na wastani wa sukari ulio juu kuliko wa watu wazima. Basi binti wa Kidato cha Pili mwenye sukari ya 14 asubuhi huenda amefanya kila alichoagizwa.

Mtoto kujifunza kujitunza si jambo jipya. Insulini ilidungwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Januari 1922 huko Toronto, na mgonjwa huyo, Leonard Thompson, alikuwa na miaka 14. Agosti ya mwaka huo akafika Elizabeth Hughes, msichana aliyekonda akabaki na uzito wa kilo 20 hivi. Alijifunza kujidunga mwenyewe, akaishi hadi 1981.

Kujifunza huko kuna hatua zake. Mtoto wa miaka sita anaweza kuchagua kidole cha kuchoma. Wa miaka kumi anaweza kuibiringisha viganjani chupa ya insulini yenye ukungu bila kuitikisa, kuvuta dozi na kutoa mapovu, mzazi akisoma mstari wa bomba pamoja naye. Kosa kubwa hutokea baadaye. Mtoto akitimiza 13, nyumba nzima inasema, "Sasa umekua, jitegemee," na uangalizi unakatika katika umri ule ule ambao mwili umekuwa mgumu kuuongoza. Kijana wa umri huo bado anahitaji mtu wa kukaa naye kila jioni, waitazame namba na kuulizana, "Tubadilishe nini kesho?"

Mpango wa Changing Diabetes in Children ulianza mwaka 2009, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo, na umewafikishia watoto wengi insulini na vifaa vya kupimia bila malipo. Hiyo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini hata stripu ya bure imepotea iwapo mtoto anaogopa kilichoandikwa kwenye kioo cha glukomita, na kliniki zinapaswa kumtengea kila kijana dakika kumi za kuzungumza na muuguzi bila mzazi kuwepo.

Shule nazo zina wajibu wake. Sukari ikishuka chini ya 4, mtoto hutokwa jasho, hutetemeka na kujibu hovyo, na mwalimu asiyejua humwona mtovu wa adabu. Anayeweza kumeza apewe papo hapo vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na asiachwe peke yake wala kutumwa ofisini kwa miguu. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Maelezo hayo, pamoja na namba ya simu ya mzazi, yanaenea kwenye karatasi moja. Yabandikwe ofisi ya walimu na chumba cha matroni kabla muhula haujaanza, na mtoto aruhusiwe kupima na kula darasani bila kuomba ruhusa.