Dai daftari la maombi na majibu kabla ya kumlipa fundi

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kufuatilia bei za nafaka, viwango vya fedha za kigeni na mwenendo wa hisa. Wiki hii tunazungumzia hasara isiyoonekana katika jedwali lolote la bei: mauzo yanayopotea kati ya duka la mtandaoni na mfumo wa malipo.

Kisa ni kile kile kila mara. Mteja analalamika kwamba amekatwa pesa lakini oda yake haimo. Mwenye duka anampigia fundi wa programu, naye anajibu kwamba mtandao ulisumbua. Mwenye duka anakubali, anatoa bidhaa kwa hasara, na suala linaishia hapo. Kwa maoni yetu, kukubali jibu hilo ni kosa la kibiashara. Ushahidi wa kilichotokea unaweza kuhifadhiwa na kusomwa.

Maduka haya hufanya kazi kwa utaratibu uitwao HTTP, uliobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kompyuta moja hutuma ombi, nyingine hujibu, na kila jibu hubeba namba ya tarakimu 3. Namba 200 maana yake ombi limefanikiwa. 404, kilichoombwa hakikupatikana. 500, kuna hitilafu kwa anayejibu. Kwa kawaida namba zinazoanza na 4 huelekeza kosa kwa mtumaji, na zinazoanza na 5 kwa mpokeaji. Mfanyabiashara anayejua hilo tu tayari anaweza kumuuliza fundi swali la maana.

Lakini namba hiyo pekee haitoshi. Chukua malipo ya M-Pesa nchini Kenya. Duka linapotuma ombi ili mteja aweke namba ya siri katika simu yake, jibu la kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa. Halisemi kwamba mteja amelipa. Matokeo huja baadaye katika ujumbe wa pili: 0 ikiwa amelipa, 1032 ikiwa ameghairi. Fundi anayesoma jibu la kwanza tu ataruhusu mzigo utoke bila malipo. Na ujumbe wa pili usipofika dukani, mteja atakuwa amekatwa na daftari halina kitu.

Hatari nyingine ni ukimya. Ombi lisilojibiwa halimaanishi limekataliwa. Programu ikilirudia bila kuhakikisha kwanza, bidhaa ya shilingi 5,000 inaweza kumgharimu mteja 10,000.

Vifaa vya ukaguzi havina gharama. Katika Chrome au Firefox kwenye kompyuta ya Windows, kitufe cha F12 hufungua sehemu inayoonyesha maombi ya kivinjari na majibu yake. Yale yanayopita kati ya seva ya duka na mfumo wa malipo hayaonekani hapo. Lazima seva yenyewe iyaandike. Fundi pia anaweza kutuma ombi la majaribio kwa programu ya curl ya Daniel Stenberg wa Sweden, iliyopewa jina hilo mwaka 1998. Chimbuko lake litawafurahisha wasomaji wetu: Stenberg alitaka kuchukua viwango vya fedha za kigeni mtandaoni.

Mafundi watasema kwamba kumbukumbu hizo hubeba siri za wateja. Ni kweli, na ndiyo maana namba za kadi na maneno ya siri yafichwe kabla ya kuhifadhiwa. Hiyo si sababu ya kutohifadhi chochote.

Tunashauri mkataba uwe na masharti matatu: kila ombi la malipo na jibu lake viandikwe pamoja na saa, hesabu ya duka ilinganishwe kila siku na ya mfumo wa malipo, na fedha za mwisho zisitolewe kabla fundi hajaonyesha duka linafanya nini mteja anapoghairi, salio lisipotosha au mtandao unapokatika. Anayetaka kuweka mtaji katika biashara ya aina hii naye aombe kuonyeshwa kumbukumbu hizo.

Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.