Kahawa: mmea wa miaka 3 katika mji unaoishi siku kwa siku

Asubuhi kwenye soko la Kituku, mjini Goma, boti zinashusha maharagi, muhogo na ndizi kutoka upande wa Minova na Idjwi. Kahawa haionekani sana. Lakini vilima hivyo ni vilima vya kahawa. Arabika, kichaka ambacho majani yake hubaki mabichi mwaka mzima, inapenda mahali pa mita 1,400 hadi 2,000 juu ya bahari, udongo wa volkano na mvua ya kutosha. Masisi, Rutshuru na kando ya ziwa Kivu viko na hayo yote.

Basi shida si udongo. Katika miaka ya 1980 Zaire iliuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Mwaka 1989 mapatano ya dunia kuhusu bei yalivunjika, bei ikaanguka. Ugonjwa wa kunyauka ukaua robusta upande wa Beni, kisha vita vikafuata. Wakulima wengi waling'oa kahawa na kupanda maharagi. Nani atawalaumu? Mtoto mwenye njaa hangojei miaka 3, na kahawa haizai kabla ya hapo.

Lakini kuchagua kati ya kahawa na maharagi si lazima. Miche ikipandwa kwa umbali wa mita 2 au 2 na nusu, nafasi iliyo katikati inalimwa maharagi miaka 2 ya kwanza, wakati vichaka vingali vidogo. Maharagi yanalisha nyumba na kurutubisha udongo. Migomba inatoa kivuli, na majani yake makavu yakitandazwa chini yanazuia mvua kubeba udongo. Wakaaji wa Kalehe, waliozika mamia ya watu baada ya mafuriko ya Mei 2023, wanajua thamani ya udongo unaobaki kilimani.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo. Mbegu zinatolewa katika matunda mekundu ya miti yenye afya, zinakaushwa kivulini, kisha zinapandwa katika pepinieri. Miche inakaa huko karibu mwaka mmoja, inahamishwa mvua ikianza, katika mashimo ya sentimita 60 yaliyochanganywa na mbolea ya ng'ombe au mbuzi. Baadaye ni kupogoa kila mwaka, kupalilia, na kuwinda mdudu anayeitwa antestia. Mdudu huyo anatoboa tunda, na mara nyingi ndiye chanzo cha ile ladha ya kiazi kibichi inayoharibu jina la kahawa ya Maziwa Makuu. Wakati wa mavuno yanachumwa matunda mekundu tu, na yanamenywa siku hiyohiyo.

Mkulima anaweza kufanya yote hayo vizuri na bado akabaki maskini. Kwa miaka mingi wanaume wa kando ya ziwa walivuka usiku kuuza kahawa Rwanda, na wengi walizama. Ushirika wa SOPACDI, ulioundwa Minova mwaka 2003, ulionyesha njia nyingine: wakulima kuosha kahawa pamoja, kuiuza pamoja, na mnunuzi wa mbali kujua imetoka wapi. Umoja huo ni muhimu kuliko mche wowote.

Leo njia hiyo imebanwa tena. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji zilifunga milango, na pesa za kulipa mavuno zikawa ngumu kupatikana. Barabarani kila bariere inadai sehemu yake. Wenye silaha wa pande zote wanasema wanatetea raia. Kipimo chao ni chepesi: gunia la kahawa litoke Masisi au Minova na kufika Goma bila kutozwa kila penye kamba.

Na wakaaji wa mji wako na sehemu yao. Mikahawa mingi ya Goma bado inapakulia wageni kahawa ya unga iliyotoka mbali, wakati ile ya vilimani inapita mbele ya mlango kwenda kunywewa Ulaya. Mnunuzi wa karibu hahitaji meli wala kuvuka mpaka. Mkulima akijua kwamba Goma itanunua, atapanda. Asipojua, atang'oa na vile vichaka vya mwisho alivyoachiwa na babu yake.