Bastola Ndogo: Si Kinga, Bali Silaha ya Kuua

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Katika miji ya Kenya, tahadhari hiyo imechukua sura nyingi: ukuta uliopachikwa vigae vya chupa, mlango wa chuma, mbwa, bawabu wa usiku na, kwa wachache wenye uwezo na leseni, bastola ndogo iliyofichwa kiunoni au ndani ya mkoba. Bastola ya aina hii hupendwa kwa wepesi wake. Haimlemei mwenyewe, haionekani chini ya koti, wala haitikisi mkono sana inapofyatuliwa. Swali linalozuka ni hili: je, risasi nyembamba itokayo katika mtutu huo yatosha kumkinga mtu dhidi ya anayemvamia?

Wanaolijadili suala hili aghalabu hugawanyika pande mbili. Kuna wanaoshikilia kwamba risasi ni risasi, na kwamba hata iliyo ndogo kabisa imewapeleka wengi kaburini. Kuna wengine wanaoicheka bastola ndogo na kudai kuwa mwenye kutaka usalama sharti anunue kubwa. Pande zote mbili zimepotoka, kwa maana zote zinapima uwezo wa kuua. Kujihami si kuua. Kujihami ni kumzuia mvamizi asitimize dhamira yake, na kumzuia papo hapo. Bastola ndogo ina uwezo tele wa kutenda la kwanza na uwezo haba wa kutenda la pili.

Ni vyema kuanza na vipimo. Risasi ndogo iliyo maarufu zaidi duniani ina kipenyo cha takriban milimita 5.6 na uzito wa takriban gramu 2.6. Ziko pia za milimita 6.35 na za 7.65. Risasi ya milimita 9, inayotumiwa na polisi wa mataifa mengi, huwa na uzito wa gramu 7 hadi 8 hivi. Hata hivyo, risasi ya bastola, iwe kubwa au ndogo, haimwangushi mtu kwa kishindo chake. Kazi yake ni kutoboa. Mwili hulazimika kuanguka kwa mojawapo ya njia mbili: ama ubongo au uti wa mgongo ujeruhiwe, ama damu imwagike hadi ubongo ukose hewa. Njia ya kwanza yahitaji shabaha ambayo mtu anayetetemeka gizani hana. Njia ya pili yahitaji muda. Ripoti ya shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ya mwaka wa 1989 ilieleza kuwa hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo hubaki na hewa ya kumwezesha mtu kutenda alitakalo kwa sekunde 10 hadi 15. Kwa mwenye panga aliye hatua chache tu, sekunde 10 ni muda mrefu mno.

Ripoti hiyo haikuzuka hivi hivi. Tarehe 11 Aprili 1986, maafisa wa FBI walipambana na majambazi wawili mjini Miami. Mmoja wa majambazi hao, Michael Platt, alipigwa risasi ya milimita 9 iliyopenya mkono ikaingia kifuani na kukomea karibu na moyo. Jeraha hilo lilikuwa la kufisha. Hata hivyo, Platt aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Ikiwa risasi hiyo, tena mikononi mwa watu waliofunzwa, haikuweza kumsimamisha mtu kwa wakati, itakuwaje kwa iliyo ndogo kuliko hiyo, mikononi mwa mwenye duka anayefunga hesabu zake saa tatu za usiku?

Mifano ya risasi ndogo yenyewe inafunza zaidi. Mnamo Juni 1968, Seneta Robert Kennedy alipigwa risasi za milimita 5.6 katika hoteli moja mjini Los Angeles, akafariki siku iliyofuata. Tarehe 30 Machi 1981, Rais Ronald Reagan alipigwa risasi ya kipenyo hicho hicho mjini Washington. Risasi ilisimama takriban sentimita 2.5 kutoka moyoni, naye mwanzoni akadhani amevunjika ubavu tu. Alipofikishwa hospitalini aliingia kwa miguu yake, kisha nguvu zikamwishia. Katika shambulio hilo, msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani. Brady alinusurika akiwa na ulemavu, akafariki mwaka wa 2014, na kifo chake kikaamuliwa kuwa kilitokana na jeraha lile la 1981. Risasi moja ndogo, basi, ilichukua miaka 33 kumaliza kazi yake. Nani atathubutu kusema kuwa risasi hiyo haiui? Na nani atakayeitegemea imsimamishe jambazi aliye mlangoni?

Huenda riwaya na filamu zimechangia kutia watu ukungu machoni. Wasomaji wa riwaya za kipelelezi, ziwe za Ian Fleming na James Bond wake au za Elvis Musiba na Willy Gamba wake, wamezoea ulimwengu ambamo bastola hulia na adui akaanguka. Hiyo ni haki ya fasihi, kwani kisa sharti kisonge mbele. Lakini hata Fleming, katika riwaya ya Dr. No ya mwaka wa 1958, alimpokonya Bond bastola yake ya milimita 6.35 kwa sababu ya udogo wake. Mbadala aliopewa ulikuwa wa milimita 7.65, nao ungali mdogo.

Wapo watakaopinga kuwa kidogo ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Watasema kuwa mzee au mtu mwenye mkono dhaifu hulenga vyema zaidi kwa bastola nyepesi, na kwamba wavamizi wengi hukimbia wanaposikia mlio wa kwanza. Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Hata hivyo, ichunguzwe kwa makini. Mvamizi anayekimbia mlio amefukuzwa na hofu, hakuzuiwa na jeraha. Usalama wa mwenye bastola umetegemea moyo wa adui. Iwapo adui ni mkaidi, amelewa, au amekuja na wenzake watatu, bastola hiyo huwa imewachokoza bila kuwazuia, na huenda wakaondoka nayo. Wala kununua iliyo kubwa zaidi si suluhisho kamili. Baada ya Miami, FBI walihamia risasi kubwa zaidi, kisha katikati ya miaka ya 2010 wakarejea kwenye milimita 9.

Sheria nayo ina neno. Nchini Kenya kumiliki bunduki si haki ya kikatiba. Kwa mujibu wa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, raia hupewa cheti kwa sababu ya kuridhisha, na mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru waliokuwa na leseni wahakikiwe upya. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu nacho hupima utetezi wa nafsi kwa misingi ya sheria za Kiingereza, ambayo hudai nguvu zilingane na hatari. Hapa ndipo uzito wa risasi ndogo unapodhihirika. Mvamizi aweza kupigwa, akatimiza uovu wake, akatoroka, kisha akafa kesho yake. Aliyefyatua atakuwa amevamiwa, hakukingika, na bado ana kifo cha kujibia.

Kiswahili chenyewe kingetuongoza vyema. Kinga ni kitu kinachosimama baina ya mtu na dhara, kama ngao inavyopokea mkuki. Bastola haipokei chochote. Haizuii panga wala risasi. Hutuma dhara upande wa pili na kungoja matokeo. Kuiita kinga ni kuipa sifa isiyokuwa yake. Mlango imara, taa uani, majirani wanaoitikia yowe na njia ya kutorokea ndivyo vinavyostahili jina hilo, kwa kuwa hufanya kazi kabla damu haijamwagika.

Kwa hivyo, anayetaka kujaza fomu ya kuomba leseni asianze kwa kuuliza risasi ipi yatosha. Ajiulize kwanza kama anatafuta kuponyoka au kuua. Kama ni kuponyoka, bastola ndogo itamtosha siku ambayo adui ni mwoga tu. Kama si hivyo, ajue kwamba chombo atakachokilaza chini ya mto, penye watoto na hasira za nyumbani, kina nguvu za kutosha kuleta msiba, ila hakina kasi ya kutosha kuuzuia.