KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Mapambo ya Noeli Kutoka Shambani Mwetu



Mvua za vuli zimeshuka, na migomba ya Meru imekunjua majani mapya. Majilio yatukaribia, na kila nyumba yaanza kuulizana: mwaka huu tutaipambaje Noeli? Swali hili ni jema. Nyumba iliyofagiwa na kupambwa huwafundisha watoto, hata wale wasiojua kusoma bado, ya kuwa siku ijayo si siku kama nyingine. Lakini yatupasa kuuliza swali la pili pamoja na lile la kwanza: tutaipamba kwa fedha ya nani?

Ukishuka mjini Arusha majira haya, ukapita Soko Kuu au Kilombero, utaona maduka yamejaa maua ya plastiki, taa za rangi, na miti ya kununuliwa. Vitu hivi havina dhambi. Mwenye uwezo na anunue. Walakini wako wakopao ili nyumba yao isionekane duni machoni pa jirani. Noeli ni siku moja, na nyuma yake yaja Januari, mwezi wa kufungua shule. Ni kweli, ada za shule za serikali, tangu za msingi hata kidato cha nne, ziliondolewa mwaka 2016. Lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Basi tuseme nyumba moja imetoa shilingi 30,000 kwa mapambo, na daftari moja ni shilingi 1,000. Hesabu yake si ngumu: madaftari 30 yametundikwa ukutani, na kabla ya masika yatakuwa yamekwisha kutupwa jaani.

Tena kuna hasara nyingine isiyohesabiwa kwa shilingi. Mabibi zetu wajua kusuka, kupinda na kufunga. Mikono yao haihitaji kuambiwa. Bali wajukuu wao wajua kununua tu. Bibi akifa pasipo kumfundisha mtu, ujuzi wake huzikwa pamoja naye, na hakuna duka liwezalo kuturudishia. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Basi mwezi huu na tuunde.

VITU VYA KUFANYIA KAZI

Tazameni kwanza vilivyopo. Shina la mgomba lina maganda makavu yajichubuayo yenyewe. Hayo huchanwa nyuzi kwa ukucha, nayo hufaa kufungia na kusukia. Maganda ya mahindi tuliyovuna mwezi wa saba na wa nane, kama hamkuyatupa yote kwa ng'ombe, ni mali. Kadhalika ndevu za mahindi. Ukindu na kamba za mkonge hupatikana sokoni kwa bei ndogo. Watu wa Tengeru wana soko lao kila Jumatano na Jumamosi. Chini ya misonobari, kama ile ya upande wa Olmotonyi, huanguka matunda magumu yenye magamba, mazuri sana kwa mapambo. Ombeni ruhusa kwanza kwa mwenye shamba au mlinzi wa msitu, kisha okoteni yaliyo chini. Msikate miti michanga. Mti uliokatwa kwa furaha ya juma moja ulitaka miaka mingi kukua, na msitu wa Meru ndio utuleteao maji.

Gundi msinunue. Chukueni kijiko kimoja cha unga wa muhogo au wa ngano, mkoroge katika maji baridi hata usiwe na madonge, kisha mpike polepole mkikoroga mpaka uwe uji mzito. Ukipoa, wafaa kugandisha karatasi. Hauwekeki zaidi ya siku mbili au tatu, maana huchacha.

SHADA LA MAJILIO

Desturi ya shada la mishumaa haikuanza kwa matajiri. Mwaka 1839, katika mji wa Hamburg nchini Ujerumani, Johann Hinrich Wichern alikuwa mkuu wa nyumba ya kulea watoto maskini. Husimuliwa ya kuwa watoto walimchosha kwa kuuliza kila siku, "Noeli ni lini?" Basi akatwaa gurudumu kuukuu la mkokoteni, akasimamisha mishumaa juu yake, midogo kwa siku za juma na mikubwa 4 kwa Jumapili za Majilio. Kila siku mmoja ukawashwa, na watoto wakahesabu wenyewe. Angalieni: lilikuwa gurudumu bovu. Mtu asione haya kwa kuwa shada lake halikutoka dukani. La kwanza nalo halikutoka dukani.

Namna ya kulifanya. Pindeni matawi mabichi membamba yawe duara la upana wa sinia, myafunge kwa kamba ya mkonge. Zungusheni majani mabichi, na katikati yake matunda ya misonobari. Liwekeni juu ya sinia la bati lenye mchanga uliolowa. Kisha twaeni makopo 4 madogo, mtie mchanga, na katika kila kopo msimamishe mshumaa mmoja. Jumapili ya kwanza washeni mmoja, ya pili miwili, mpaka ya nne.

Sasa nasema neno la kuonya, nanyi akina baba na mama mlishike. Maganda makavu ya mgomba hushika moto kama majani makavu ya nyasi. Msiyatie katika shada lenye mishumaa, wala msitundike pambo lolote la ganda au karatasi karibu na mwali. Majani yakianza kukauka, badilisheni. Mshumaa usiachwe na mtoto peke yake hata kwa dakika moja, tena uzimwe kabla ya watu kwenda kulala. Pambo ni la furaha. Lisigeuke kuwa msiba.

MISHUMAA YA NTA

Mwenye mizinga ya nyuki, au jirani yake, asitupe masega baada ya kukamua asali. Yeyusheni nta katika kopo refu lililosimamishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Msiweke kopo juu ya moto wenyewe, kwani nta ikizidi moto huwaka. Ichujeni kwa kitambaa. Sokoteni utambi wa uzi wa pamba, mfunge kijitini, mchovye katika nta, mtoe, mngoje upoe, mchovye tena. Mara ya kwanza utaonekana kama uzi tu. Mara ya ishirini au thelathini ni mshumaa. Kazi hii yawafundisha vijana saburi kuliko hotuba nyingi.

PANGO LA NOELI NA WATU WAKE

Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi alitaka wakulima waone kwa macho yao umaskini wa Bethlehemu. Akatengeneza hori lenye majani makavu, akaleta ng'ombe na punda walio hai. Tangu hapo desturi ya pango la Noeli imeenea duniani. Sisi tulio na ng'ombe na mbuzi nyuma ya nyumba hatuna haja ya kuelezwa hori ni nini.

Watu wa pango hufanywa kwa maganda ya mahindi, hivi:

1. Loweka maganda katika maji ya vuguvugu muda wa dakika 10, hata yalegee.

2. Twaa maganda 6, uyapange pamoja, uyafunge ncha moja kwa uzi wa mgomba.

3. Yageuze, uyakunjue juu ya fundo hata lifunikwe. Hapo ndipo kichwa. Funga chini yake pawe shingo.

4. Zungusha ganda moja liwe kama kijiti, ulifunge ncha zote mbili. Hiyo ndiyo mikono. Ipenyeze chini ya shingo, kisha funga kiuno.

5. Akiwa mwanamke, acha maganda ya chini yatanuke kama nguo. Akiwa mwanamume, yagawe mafungu mawili, ufunge kila mguu.

6. Nywele ni ndevu za mahindi zilizogandishwa kwa uji wa muhogo. Mwache akauke kivulini siku mbili, maana jua kali humkunja.

Mtoto hulazwa katika hori la vijiti. Kondoo hufanywa kwa udongo wa mfinyanzi na pamba. Wala hapana sharti wachungaji wavae nguo za nchi za mbali. Mchungaji mwenye shuka na fimbo, kama tuwaonao wakichunga chini ya mlima, ni mchungaji kweli. Nguo zake zitatoka katika vipande vya khanga na shuka kuukuu.

NYOTA YA MLANGONI

Hii ni kazi ya wavulana. Chaneni mwanzi mpate vijiti 5 vilivyo sawasawa, kila kimoja urefu wa mkono tangu kiwiko hata ncha ya kidole. Vipangeni kama mtoto achoravyo nyota pasipo kuinua kalamu, mfunge ncha zote 5 na kila mahali vinapopishana. Funikeni kwa karatasi nyeupe. Hata karatasi za daftari lililokwisha zafaa, na maandishi ya hesabu hayapunguzi uzuri wake.

Walimu wapendao kuunganisha kazi hii na masomo wana mfano mzuri. Nyota maarufu ya ndugu Wamoravian, ambao kazi yao kusini mwa Tanzania ilianza mwaka 1891, ilizaliwa katika shule ya wavulana ya Niesky, Ujerumani, katika karne ya 19, wanafunzi wakijifunza hesabu za maumbo. Basi mwalimu naye aweza kufundisha pembe na vipimo kwa mwanzi na karatasi. Mtoto hatasahau somo aliloliona likitundikwa mlangoni.

ZAWADI NA KIFUKO CHAKE

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania. Wengine walinung'unika, lakini msusi hakunung'unika. Kikapu kidogo cha ukindu chenye mayai, maharage au kahawa ni zawadi inayobaki hata vilivyomo vikiliwa. Mkitaka rangi ya manjano, chemsheni ukindu pamoja na bizari ya manjano iliyopondwa, mwuache ndani ya maji yale mpaka yapoe. Na chupa zilizovunjika? Hapa Arusha karakana iitwayo Shanga imewapa kazi watu wenye ulemavu kwa miaka mingi, wakiyeyusha chupa kuukuu na kufanya shanga na bilauri ambazo wageni hununua. Kazi ya moto namna ile si ya nyumbani, lakini yatuonyesha ya kuwa kitu kilichotupwa chaweza kumpa mtu riziki na heshima.

NENO KWA WALIMU NA WAZAZI

Mwalimu asifundishe peke yake. Amwite bibi mmoja wa kijijini ajuaye kusuka, amketishe mbele ya darasa kwa adabu, na watoto wamwamkie na kumsikiliza kama wamsikilizavyo mwalimu. Bibi aliyedhani ujuzi wake umepitwa na wakati atarudi nyumbani amenyoka mgongo. Wavulana wasiachwe nje wakisema kusuka ni kazi ya wanawake. Mkono haujui mume wala mke, wajua zoezi tu. Nao watoto wakileta kazi iliyopinda, msiwacheke. Mpeni kila mmoja nafasi ya kufungua na kuanza upya.

Fedha mliyoiokoa msiiache mfukoni, kwani mfuko una tundu. Siku ileile mnapotundika nyota, tieni akiba katika kopo, mwandike juu yake MADAFTARI. Akiba haiozi. Januari ikifika, mtoto atakwenda shule na daftari jipya, naye atajua ya kuwa nyota aliyoifunga kwa mkono wake ndiyo iliyolinunua.

Pangwe na watu wake yatunzeni ndani ya sanduku kavu, mbali na panya, nayo yatafaa hata mwaka ujao. Na ikija Jumapili ya Mitende tutakuwa na kazi nyingine. Ndugu zetu wa Masasi wamefanya misalaba midogo ya majani ya mlala iliyofika hata makanisa ya Uingereza na Marekani. Tukijaliwa, katika toleo la kabla ya Pasaka tutaeleza namna ya kuikunja, jani kwa jani. Mwenye mlala au ukindu na aanze kuukausha.

Kaeni salama, nanyi mwe na Majilio mema.