Sinema ya Gumu Itafutwe

Ndugu zetu wa Unguja walipata jumba la sinema pale Vuga mwaka 1921, enzi ya picha zisizosema. Bara, vijijini, sinema ilifika kwa lori. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kundi la Waingereza lenye makao Vugiri, Usambara, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, lilipiga filamu zipatazo 35, wachezaji wakiwa Waafrika. Huko Ulaya sinema ilikuwa imekwisha kuanza kusema. Hizi zetu zilipigwa bubu, kwa kubana gharama, na maneno yakatiwa katika sahani za santuri.

Mojawapo iliitwa Gumu: habari ya kijana wa shamba aendaye mjini na kuharibikiwa. Mtawala alikusudia kuonya. Lakini jambo hilo ndilo linalogombanisha nyumba hata leo, Busi kule Kondoa sawa na Makunduchi: mwana ataka kwenda, baba akataa, mama yu kati.

Zinazojulikana kusalia, huko Uingereza, ni tatu tu: ya tiba ya mifugo, ya safura, na ya mashamba ya Kingolwira. Minyoo imehifadhiwa, Gumu hayumo!

Tunaziomba Serikali zetu mbili zidai nakala za hizo tatu, na watunza nyaraka wa Dar es Salaam na Zanzibar wapekue maghala ya ofisi za zamani, wakitafuta mikanda na santuri zilizobaki. Zikipatikana, zioneshwe Busi na Makunduchi kabla ya mijini.