GTA VI Ikitoka Leo, Utaichezea Wapi?

Wasee, niseme bila kuzunguka: hii vita ya tarehe ya GTA VI, inayochemka kuanzia Kalundu hadi Wote, ni vita ya watu ambao hawajaalikwa harusini lakini wanapigania rangi ya keki.

Ingia grupu yoyote ya WhatsApp ya wacheza gemu Ukambani, ni moto. Upande mmoja unaapa Rockstar watasukuma tarehe tena. Upande mwingine unasema aii, safari hii ni kweli. Katikati kuna yule mmoja ambaye "ana mtu ndani ya kampuni", na yeye mwenyewe yuko Mwingi hajatoka.

Tuanze na yale tunayojua. Treila ya kwanza ilivuja, Rockstar wakaiachilia wenyewe usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2023, kama saa nane huku kwetu. Ilitazamwa zaidi ya mara milioni 90 kwa saa 24. Wakasema gemu itatoka 2025. Mei 2025 wakasogeza hadi 26 Mei 2026. Novemba 2025 wakasogeza tena hadi 19 Novemba 2026. Basi. Mengine yote ni watu kuangalia mwezi kwenye picha na kuhesabu siku, kama wazee wanaotafuta wakati wa kupanda ndengu.

Sasa njooni kwa mambo ambayo hakuna mtu anayabishania.

Kwanza, mashine. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S. Zunguka vibanda vya gemu Kitui mjini, Emali, Kibwezi, kisha uhesabu PS5. Utapata PS4 moja inayolindwa kama mtoto wa kwanza, PS3 inayopumua kwa shida, na pedi inayovuta kushoto hadi ukipiga penalti lazima ulenge nje ndio iingie. Hiyo ndiyo PlayStation yetu. Treila hatuichezi, tunaiangalia tu.

Pili, pesa. Nintendo waliuza Mario Kart World kwa dola 80 mwaka 2025, na tangu hapo kila mtu anaogopa wengine watafuata. Hizo ni kama shilingi elfu kumi na mia tatu. Kwa kibanda, mechi ni mbao. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mechi 500. Ukicheza moja kila siku, huo ni mwaka mmoja na miezi kama mitano. Na hapo hujanunua mashine, hujaweka tokeni za stima, hujanunua bando la kupakua.

Tatu, na hii ndiyo inaniuma: duka lenyewe halitujui. Jaribu kufungua akaunti ya PlayStation. Kwenye orodha ya nchi, Kenya haipo. Ndio maana msee wa Makindu, kwa akaunti yake, anaishi Marekani, na anwani ni ya hoteli ambayo hajawahi hata kupita nje yake. Tunadanganya tunakoishi ili turuhusiwe kutoa pesa zetu wenyewe. Siku akaunti ikifungwa, utalalamika ukiwa nani?

Na msiniambie eti kelele zetu hazifiki. Mnakumbuka Helldivers 2? Mei 2024 Sony walisema kila anayecheza kwa kompyuta lazima aunganishe akaunti ya PSN. Gemu ikaondolewa kwa Steam katika nchi zaidi ya 170, zile ambazo PSN haiko. Wachezaji duniani wakawasha moto, wakajaza malalamiko kila mahali, na kwa siku tatu hivi Sony wakarudi nyuma. Siku tatu! Sisi tunapiga kelele kila siku, lakini tunapigiana.

Halafu kuna tangazo lingine tunalongoja, na hili liko nyumbani. Konza. Watu huongea kama iko Nairobi, lakini iko Malili, Makueni. Kibaki aliizindua Januari 2013. GTA V ilitoka Septemba mwaka huohuo. Kwa hivyo sisi ni watu wa kungoja vitu viwili tangu 2013, na tunaulizia kimoja tu, kile cha Marekani.

Konza leo si vichaka vitupu. Kituo cha Kitaifa cha Data kiko pale. Seva ziko ndani ya kaunti yetu, lakini kijana wa Wote akicheza mtandaoni, anapiga risasi leo, inafika kesho. Nani amewahi kuuliza kama seva hata moja inaweza kutengewa mashindano ya vijana wa Makueni na Kitui? Kaunti huitisha maoni ya wananchi kabla ya bajeti, na si hisani, Katiba ya 2010 inasema lazima wananchi washirikishwe. Ukumbi hujaa watu wa barabara, watu wa mabwawa, watu wa maembe. Mtu wa gemu hayuko. Yuko kwa grupu, anatukana mtu wa Xbox.

Najua jibu lenu: "Mwaitu anabeba mitungi kilomita ngapi, na wewe unaleta mambo ya gemu?" Sikia, hakuna anayesema maji yangoje. Lakini viongozi haohao wakitoa mipira na jezi za mashindano ya kijiji, hakuna anayewauliza kuhusu mitungi. Chumba kimoja chenye mashine nne, stima na intaneti kwenye ukumbi wa vijana ambao tayari umejengwa ni kitu cha aina hiyohiyo. Na si upuzi. Sylvia Gathoni, yule QueenArrow wa Tekken, alisajiliwa na timu ya nje, UYU, mwaka 2018 akiwa bado mwanafunzi. Mkenya mwenzenu. Vipaji viko, kinachokosekana ni mahali pa kufanyia mazoezi bila kuhesabu mbao.

Wengine watasema niwaache mfurahie. Furahini! Hata mimi treila ya tatu nitakesha. Lakini Juni 2025 studio ya Afrika Kusini, Nyamakop, ilitangaza Relooted, gemu ya kurudisha vitu vya Afrika vilivyochukuliwa na kufungiwa kwenye makumbusho ya nje. Kwa grupu nilizomo, kimya. Tulikuwa tunabishana juu ya picha feki ya ramani ya GTA.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Zile nguvu za kuapa kuhusu tarehe 19 Novemba, kata nusu. Nusu hiyo waandikie Sony uulize Kenya itaingia lini kwa orodha. Waandikie Konza uulize kuhusu seva. Na kaunti ikiitisha maoni ya bajeti, beba kitambulisho uende useme sentensi moja: tunataka chumba cha gemu kwenye ukumbi wa vijana. Wazee watacheka. Sema tena.

Tukikutana huko, tutabishana PS5 na Xbox njiani tukirudi.